Akili ya Taa, Busara ya Njia Panda

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Alifika panapogawanyika njia, akanusa nyama pande zote mbili, akataka kuzifuata zote kwa wakati mmoja, mwishowe akapasuka msamba. Leo hii jiji la Nairobi limesimama pale pale aliposimama fisi. Upande mmoja inasikika harufu ya taa mpya zinazosifiwa kuwa na akili: taa zenye kamera na kompyuta, zinazohesabu magari na kuamua zenyewe nani apite na nani asubiri. Upande wa pili inasikika harufu ya saruji: mizunguko ya kale ivunjwe, barabara za juu zijengwe, makutano yapangwe upya kuanzia chini. Kila upande una mabingwa wake, na kila upande, kwa bahati nzuri au mbaya, una mkopo wake.

Makala haya yananuia kuupima mjadala huo na kuutolea msimamo. Msimamo wenyewe ni huu: makutano yapangwe upya kwanza, tena yapangwe kwa kumzingatia anayetembea kwa miguu na anayesafiri kwa matatu, taa zifuate baadaye. Taa zikitangulia, tutakuwa tumepaka rangi nyumba yenye ufa. Na makutano yakipangwa upya kwa ajili ya gari la kibinafsi pekee, tutakuwa tumeuhamisha ufa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine.

Huenda msomaji akajiuliza mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anatafuta nini katika shughuli za wahandisi. Jibu si gumu. Katika ngano zetu, njia panda ni mahali pa kuchagua na pa kujulikana: hapo shujaa huchagua njia, hapo waganga huacha makafara yao, na hapo mgeni hutambua, kwa namna anavyoelekezwa, iwapo amefika kwa watu wenye utu. Fauka ya hayo, neno 'akili' tunalolitundika juu ya taa ni neno letu, na hatuna budi kuulizana tunalitumia kwa maana gani. Kiswahili hutofautisha akili na busara. Mwizi anaweza kuwa na akili. Busara ni kujua akili hiyo imtumikie nani.

Njia Panda Tuliyoirithi

Mwaka 1948 ulitolewa mpango mkuu wa kuijenga Nairobi kama makao makuu ya koloni. Wakati huo mji ulikuwa na wakazi wapatao 119,000. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi 4,397,073. Hata hivyo, mifupa ya katikati ya jiji haijabadilika sana: barabara pana zinazokutana kwenye mizunguko mikubwa, ile ambayo wenzetu wa Tanzania huiita kipilefti. Uhuru Highway ni mfano ulio wazi. Kwa miaka mingi msafiri anayetoka Uwanja wa Nyayo kuelekea Westlands amekumbana na mzunguko baada ya mzunguko: Bunyala, Haile Selassie, Kenyatta Avenue, University Way.

Mzunguko wenyewe si adui. Ukiwa mdogo, na magari yakiwa ya wastani, ni kifaa cha ajabu. Njia panda ya kawaida yenye mikono minne ina sehemu 32 ambapo njia za magari zinaweza kugongana. Mzunguko wenye leni moja una sehemu 8 tu. Isitoshe, duara humlazimisha dereva kupunguza mwendo, na ajali ikitokea aghalabu huwa ya kukwaruzana ubavuni kuliko ya kuvaana ana kwa ana. Ndiyo sababu mji wa Carmel, katika jimbo la Indiana nchini Marekani, umejenga mizunguko zaidi ya 150 na kung'oa taa nyingi zilizokuwapo. Tukumbuke pia kwamba mzunguko ulipata nguvu zake kamili mwaka 1966, Uingereza ilipoweka kanuni kwamba anayeingia ampishe aliye ndani tayari.

Kanuni hiyo ndiyo roho ya mzunguko, na ndiyo inayokufa kwanza hapa kwetu. Mzunguko hufanya kazi maadamu walio ndani wanaweza kutoka. Njia ya kutokea ikiziba, labda kwa sababu matatu zimesimama mdomoni mwake kupakia abiria, magari yaliyo ndani husimama. Yakisimama, huwaziba wale wanaotaka kutokea upande mwingine. Na kufumba na kufumbua duara zima limejifunga kama fundo la kamba iliyolowa. Hapo ndipo askari wa trafiki huitwa. Naye, kwa nia njema kabisa, huruhusu upande mmoja upite kwa dakika nyingi huku pande nyingine tatu zikirefusha foleni, hadi mkia wa foleni moja ukaziba mzunguko wa nyuma yake. Msongamano wa Nairobi ni mnyororo wa mafundo ya aina hiyo. Haishangazi kwamba mwaka 2011 kampuni ya IBM, katika uchunguzi wake kuhusu adha za wasafiri katika miji 20 ya dunia, iliiweka Nairobi katika nafasi ya nne.

Taa Inaweza Nini?

Taa za kuongoza njia zina umri mkubwa kuliko gari la injini. Ya kwanza iliwekwa London mwaka 1868, nje ya Bunge la Uingereza, ikiwaka kwa gesi na kuendeshwa na polisi kwa mkono. Mwaka uliofuata ililipuka na kumjeruhi polisi aliyekuwa akiiendesha. Tangu hapo binadamu ametafuta taa isiyomhitaji askari. Taa za umeme zilianza kutumika Cleveland, Marekani, mwaka 1914. Siku hizi zipo taa zinazopokea habari kutoka kwa kamera au kwa nyaya zilizofukiwa chini ya lami, zikajua ni magari mangapi yanasubiri, zikairefusha au kuifupisha rangi ya kijani ipasavyo, na zikapashana habari na taa jirani.

Hatuna haja ya kuzibeza. Jijini Pittsburgh, mwaka 2012, taa za aina hii zilijaribiwa katika makutano tisa, na watafiti wakaripoti kwamba muda wa safari ulipungua kwa takriban robo, na muda wa kusubiri kwa takriban asilimia 40. Hayo si mafanikio haba. Wanaozitetea husema pia, na ni haki yao, kwamba taa hazihitaji nyumba ya mtu ibomolewe, na kwamba hufungwa kwa miezi pale ambapo daraja hujengwa kwa miaka.

Pamoja na hayo, taa hugawa muda, haiuzalishi. Hebu tufanye hesabu ndogo isiyohitaji shahada ya uhandisi. Kijani ikiwaka, leni moja hupitisha takriban gari moja kila baada ya sekunde mbili, yaani magari yapatayo 1,800 kwa saa iwapo kijani hiyo haizimiki kamwe. Makutano yenye pande nne zinazopokezana zamu huipa kila leni robo ya saa, yaani magari 450, tena kabla ya kutoa zile sekunde zinazopotea kila taa inapobadilika. Taa yenye akili inaweza kuchukua sekunde kutoka upande usio na magari na kuupa upande uliojaa. Lakini saa kumi na moja jioni pande zote nne zimejaa. Akili igawe nini hapo? Ni kama mama mwenye mkate mmoja na watoto wanane: anaweza kuukata kwa ustadi wote alio nao, ila mkate utabaki ule ule.

Jiji la Los Angeles lilianza kuziunganisha taa zake kwa kompyuta mwaka 1984, lilipoandaa Michezo ya Olimpiki. Kufikia mwaka 2013 lilikuwa limeziunganisha zote, zaidi ya taa za makutano 4,000. Hadi leo hii jina la jiji hilo halikosi kutajwa pakitajwa misongamano ya dunia.

Kwetu kuna kikwazo kingine, nacho ni cha kijamii. Baadhi ya makutano ya Nairobi yalifungiwa taa mpya na kamera katika miaka ya 2010. Msomaji aliyewahi kupita hapo asubuhi anajua kinachotokea: taa inawaka kijani, afande amenyosha mkono wa kuzuia, taa inawaka nyekundu, afande anapunga magari yapite. Dereva hujifunza upesi kwamba mwenye nguvu mpishe, na kwamba rangi ni pambo. Taa iliyozoeleka kupuuzwa mchana mbele ya askari itapuuzwa pia usiku askari asipokuwapo. Mjini Kinshasa tatizo hilo lilipata jibu la kuchekesha na la kufikirisha. Mwaka 2013 mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake walisimamisha katikati ya makutano roboti kubwa za alumini, zenye taa mwilini na mikono ya kuongoza magari kama ya askari, kana kwamba wanakiri kuwa dereva huitii sura ya mtu upesi kuliko rangi. Tukitaka taa zitiiwe Nairobi, lazima kwanza askari mwenyewe azitii.

Saruji Nayo Je?

Tukizipa taa kisogo na kuuelekea upande wa saruji, tunakuta mafunzo mengine. Barabara Kuu ya Thika ilizinduliwa rasmi mwezi Novemba 2012. Iligharimu zaidi ya shilingi bilioni 30, ikaondoa mizunguko ya zamani na kuleta barabara za kupishana juu kwa juu, kama vile pale Pangani na Museum Hill. Safari ya kutoka Thika ilifupika, hilo halina ubishi. Lakini magari yaliyokuwa yakikwama njiani sasa yaliwahi kufika kwenye lango la jiji, yakakwama hapo. Mto ukipanuliwa juu bila kupanuliwa chini, mafuriko huhama tu.

Mwaka 2022 ikafunguliwa barabara ya juu ya kulipia, Nairobi Expressway, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Juu hupita mwenye gari na uwezo wa kulipa ushuru. Chini zimebaki matatu nyingi, mikokoteni, wachuuzi na foleni. Wala tusisahau gharama isiyoandikwa katika mikataba. Mwaka 2021 maelfu ya wakazi wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa makao yao katika harakati za kutafuta nafasi ya barabara ya kuunganishwa na hiyo ya juu. Kwa watu wale, kauli ya 'kupanga barabara upya' haikuwa ya kiufundi hata kidogo.

Upo pia mfano wa mapipa. Mwezi Aprili 2015 serikali ya kaunti, chini ya Gavana Evans Kidero, iliweka mapipa kwenye mizunguko ya Uhuru Highway na Barabara ya Mombasa ili kuyazuia magari kukata kulia. Wakenya walicheka, wakayaita mapipa ya Kidero, na hatimaye yakaondolewa. Lakini tukikiweka kando kicheko, wazo lililokuwa nyuma yake lilikuwa na mantiki: njia za magari zikipungua kukatana, makutano hupumua. Kilichokosekana ni maandalizi. Aliyetaka kukata kulia alilazimika kwenda mbali kutafuta pa kugeuzia, na mzigo uliotolewa kwenye mzunguko mmoja ukabebeshwa sehemu nyingine. Huo ulikuwa upangaji upya wa makutano uliofanywa kwa mapipa mahali pa mazungumzo.

Jirani zetu wa Dar es Salaam walifuata mpangilio tofauti. Mabasi ya mwendokasi yalianza kazi mwezi Mei 2016, yakipita katika njia zake maalumu kutoka Kimara hadi katikati ya jiji. Barabara ya juu ya Mfugale, kwenye makutano ya TAZARA, ikafunguliwa mwaka 2018, na ile ya Kijazi pale Ubungo ikafuata mwaka 2021. Abiria wa mwendokasi hulalamika, tena kwa haki, kwamba mabasi hayatoshi na vituo hufurika. Hata hivyo, utaratibu wenyewe una funzo: basi lilipewa nafasi yake kabla ya magari kupandishwa juu. Nairobi ilianza na magari. Mwaka 2018 ilipakwa mistari myekundu kwenye Barabara ya Thika kuashiria leni ya mabasi ya kasi. Rangi ikafifia kabla ya mabasi kuonekana.

Anayesahauliwa Hesabuni

Kasoro ya pande zote mbili za mjadala huu ni moja: zote huhesabu magari. Kamera ya taa hufunzwa kulitambua gari. Mchoro wa barabara ya juu hupimwa kwa idadi ya magari yatakayopita kwa saa. Ilhali sehemu kubwa ya wakazi wa Nairobi huenda kazini na shuleni kwa miguu au kwa matatu.

Turejelee hesabu yetu. Sekunde 20 za kijani hupitisha takriban magari kumi katika leni moja. Yakiwa magari ya kibinafsi yenye mtu mmoja au wawili, wamepita watu 15 hivi. Zikiwa matatu za abiria 14, wamepita watu 140. Taa inayoyaona makundi haya mawili kuwa sawa inajua kuhesabu, lakini haijui inachokihesabu.

Sasa tumtazame asiyehesabiwa kabisa. Barabara ya leni sita, kila moja ikiwa na upana wa mita tatu na nusu, ina upana wa mita 21. Kijana anayetembea mita 1.2 kwa sekunde ataivuka kwa sekunde 18 hivi. Bibi anayetembea mita 0.8 kwa sekunde atahitaji sekunde 26. Taa ikimpa 15, imemwacha katikati ya barabara na mzigo wake mgongoni. Hakuna programu ya kompyuta itakayozirefusha hatua za bibi huyo. Lakini kisiwa kidogo cha zege katikati ya barabara kitaigawa safari yake mara mbili: avuke nusu, apumue, avuke nusu iliyosalia. Kisiwa hicho nacho ni kazi ya saruji, na gharama yake haifiki hata chembe ya gharama ya daraja.

Jambo hili si la starehe. Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani zaonyesha kwamba watu zaidi ya 4,300 walifariki barabarani nchini Kenya mwaka 2023, na zaidi ya 4,700 mwaka 2024. Kundi kubwa zaidi miongoni mwao, zaidi ya thuluthi, ni la watembea kwa miguu. Sisi wanafunzi tunaowaona watu wakikimbia kuvuka Barabara ya Thika chini ya daraja la miguu huwa wepesi wa kuwalaumu: daraja lipo, mbona hawapandi? Swali hilo lina upofu wake. Daraja humtaka aliye dhaifu apande na kuzunguka ili aliye na injini asipunguze mwendo. Mwenye nguvu amepishwa tena, safari hii kwa zege na vyuma.

Wapo watakaosema kwamba michoro ya barabara kuu haiwezi kubadilishwa kwa ajili ya mtu mmoja mmoja. Historia ya juzi inawakanusha. Mwezi Novemba 2020, barabara ya juu ilipokuwa ikijengwa, mti mkubwa wa mugumo uliokuwa umesimama kando ya Waiyaki Way kwa takriban karne moja ulikuwa umepangiwa kung'olewa. Watetezi wa mazingira wakapaza sauti, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru mti uhifadhiwe. Mti ukabaki, na barabara ikajengwa. Tulishangilia, na ilistahili. Lakini siku ile tulijifunza pia kwamba mchoro wa mhandisi si msahafu. Ukiweza kubadilishwa kwa ajili ya mti, unaweza kubadilishwa kwa ajili ya mtoto wa shule.

Nini Kifanywe?

Nairobi haijakosa maandishi mazuri. Sera ya kaunti ya mwaka 2015 kuhusu usafiri usiotumia injini iliahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili ya watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na usafiri wa umma. Wala haijakosa mifano: mtaa wa Wabera, katikati ya jiji, ulipangwa upya na kupanuliwa njia zake za miguu. Pia Mamlaka ya Barabara za Mijini ina mradi, unaogharimiwa kwa mkopo wa Korea Kusini, wa kuleta mfumo wa kisasa wa kuongoza magari pamoja na kuboresha makutano. Kwamba mambo hayo mawili yamewekwa katika kapu moja ni dalili njema. Swali ni lipi litangulie, na kwa faida ya nani. Napendekeza utaratibu ufuatao.

Kwanza, nafasi. Vituo vya matatu visogezwe mbali na midomo ya makutano, ili njia ya kutokea isizibwe. Kona zikazwe, ili gari lisiweze kukata kwa kasi. Vivuko viinuliwe kama matuta na kuwekewa visiwa. Kazi hizi hazihitaji kumhamisha mtu, na nyingi zaweza kukamilika makutano baada ya makutano.

Pili, basi na matatu zipewe leni yao kwenye njia kuu za kuingia mjini, ili yule anayebana katika kiti kimoja na wenzake asiadhibiwe pamoja na aliye peke yake katika viti vitano.

Tatu, taa. Zianze taa za kawaida, zenye umeme wa akiba na zamu isiyopingika ya mwenda kwa miguu katika kila mzunguko wa rangi. Zikishatiiwa, ndipo ziongezewe akili, na akili hiyo ifunzwe kuhesabu watu.

Nne, askari wa trafiki aondolewe chini ya taa inayofanya kazi. Ujuzi wake unahitajika palipo na ajali, na palipo na gari lililoegeshwa mdomoni mwa njia.

Tano, na hili latuhusu moja kwa moja, lugha. Katiba ya mwaka 2010 yatambua ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya kitaifa katika ibara ya 10, na katika ibara ya 7 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ilhali ripoti za miradi ya barabara huandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu ambacho mama mboga wa Githurai hana muda wa kukifumbua. Atashirikije katika mjadala wa njia anayoivuka mara mbili kwa siku, ikiwa hajaelezwa kwa lugha anayoifanyia biashara? Chama chetu cha Kiswahili kina watu wanaoweza kuzifasiri ripoti hizo, kuunda istilahi zinazoeleweka, na kusimama katika mabaraza ya wananchi kuzieleza. Mara nyingi tumelalamika kwamba wenzetu wa sayansi wanakidharau Kiswahili. Hii hapa kazi ya kuwaonyesha.

Najua pingamizi litakalotolewa. Watasema kwamba visiwa, matuta na leni za mabasi zitayapunguzia magari ya kibinafsi nafasi, na kwamba yatakwenda polepole zaidi. Huenda ikawa hivyo, hasa mwanzoni. Makala haya hayaifichi gharama hiyo. Yanasema tu kwamba ni halali. Kwa miaka mingi gharama ya mwendo wa magari imelipwa na waendao kwa miguu, nao wameilipa kwa mifupa yao. Si dhuluma kumwomba mwenye gari achangie dakika chache.

Hitimisho

Tumeona kwamba taa zenye akili huweza kupunguza kusubiri, lakini haziwezi kuzalisha nafasi isiyokuwapo, wala kutiiwa mahali ambapo askari mwenyewe hazitii. Tumeona pia kwamba saruji huweza kuleta nafasi, lakini ikimwagwa kwa ajili ya magari peke yake huuhamisha msongamano na kuwabomolea wanyonge. Kinachohitajika ni makutano yaliyopangwa upya kwa kipimo cha mtu, kisha taa ya kuyalinda.

Fisi hakushindwa kwa sababu njia zilikuwa mbili. Alishindwa kwa sababu alifuata pua, asikae chini kujiuliza alikuwa akienda wapi. Jiji letu nalo lisipojiuliza ni nani anayepaswa kufika salama ng'ambo ya barabara, litaendelea kunusa mikopo upande huu na upande ule. Wakati huo yule bibi bado amesimama ukingoni na mzigo wake, akitafuta mwanya.